Nani anampigia kura mbunge wa viti maalum?

Mpiga kura wa Tanganyika aliyefika kituoni mwaka 1958 alikuwa na sharti moja zito: achague watu watatu kwa mpigo, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akiacha nafasi moja wazi, karatasi yote imeharibika. Hiyo ndiyo kura tatu, mtego wa serikali ya kikoloni ambao TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, iliamua kuuingia badala ya kuususia. Majimbo yalikuwa 10 na viti 30. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na matokeo yake yana jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Wanawake walioingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kura wakati ule, Sophia Mustafa wa Arusha, Lady Marion Chesham wa Nyanda za Juu Kusini na mmisionari Mswidi Barbro Johansson wa upande wa Ziwa, wote walipitia viti vya Waasia na Wazungu. Viti vya Waafrika vilichukuliwa na wanaume watupu.

TANU ilikuwa na wanawake wa kutosha. Bibi Titi Mohamed alikuwa akijaza viwanja na kuandikisha wanachama tangu 1955, wakati wasomi wengi wa kiume, kwa kuwa walikuwa watumishi wa serikali, walizuiwa kujiunga na chama cha siasa. Lakini sifa za mpiga kura zilikuwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Wanawake wa Kiafrika waliokuwa na hata kimoja kati ya hivyo walikuwa wachache sana. Na kwa viti vya Waafrika chama kilikuwa na foleni ndefu ya wanaume waliovitaka. Kwa viti vya Waasia na Wazungu foleni haikuwepo. Chama kilikuwa kikitafuta mtu wa kumwamini, na mtu huyo akiwa mwanamke hakuna aliyeona shida.

Nimeanza mbali hivyo kwa makusudi. Mjadala wetu kuhusu wanawake bungeni huwa unahusu mila, ujasiri, elimu na kujiamini. Yote hayo yana nafasi yake. Lakini ukifuata historia ya Bunge letu uchaguzi baada ya uchaguzi, utaona kuwa kinachoamua ni wanawake wangapi wanaingia, na wakishaingia wanamsikiliza nani, ni muundo wa uchaguzi wenyewe: nani anapiga kura, kura hiyo inahesabiwa vipi, na jina linafikaje kwenye karatasi.

Tazama 1965. Bibi Titi na Lucy Lameck walikuwa tayari bungeni na wote wawili walikuwa wameshika unaibu waziri. Mfumo wa chama kimoja ulikuwa umeanza rasmi, na utaratibu ukawa huu: mkutano wa TANU wa wilaya unawapigia kura watia nia, Halmashauri Kuu inateua wawili tu, mmoja anapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, kisha wananchi wanachagua. Lucy Lameck alishinda Moshi. Bibi Titi alishindwa Rufiji, kwao. Mwanamke aliyekuwa sauti ya pili kwa kusikika nchini wakati wa kudai uhuru aliondoka bungeni. Kwa miaka 20 iliyofuata, wanawake waliopita katika majimbo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, kwa sababu mchujo hadi majina mawili ulikuwa unafanywa na vikao ambavyo wajumbe wake wengi walikuwa wanaume, na majina mawili ni nafasi finyu mno kwa kundi lisilo na watu ndani ya kikao.

Ndipo ikaja 1985 na viti maalum, yaani viti 15 vya wanawake visivyo vya jimbo, vilivyotokana na mabadiliko ya Katiba ya mwaka uliotangulia. Vyama vingi viliporudi, kiwango kikawekwa asilimia 15 ya wabunge, na uchaguzi wa 1995 ukatoa viti 37. Mwaka 2000 vikawa 48. Mwaka 2005 Katiba ikasema visipungue asilimia 30, vikawa 75. Mwaka 2010 vikafika 102, na mwaka 2015 na 2020 vikawa 113. Hesabu ya 113 inaeleweka ukiipanga: majimbo 264, wabunge watano kutoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, Mwanasheria Mkuu mmoja, na 10 wa kuteuliwa na Rais, jumla 280. Viti 113 ni asilimia 40 na ushee ya hao.

Sasa weka pembeni viti maalum uangalie majimbo. Mwaka 1995 walipita wanawake 8. Mwaka 2000 walipita 12. Mwaka 2005 walipita 17 kati ya majimbo 232. Mwaka 2015, kwa majimbo 264, hawakufika 30. Yaani baada ya miongo mitatu ya viti maalum, tulikuwa bado hatujapata hata mwanamke mmoja kwa kila majimbo tisa. Watetezi wa viti hivi walituahidi kuwa ni ngazi: mwanamke atakaa kipindi kimoja, atajifunza, atajulikana, ataenda jimboni, na mwingine atapanda. Nawaheshimu walioianzisha hoja hiyo, maana bila wao Bunge la 1990 na kitu lingekuwa karibu lote la wanaume. Lakini ngazi inapimwa kwa watu wanaofika juu, na hao ni wachache.

Ili kuona kwa nini, tuifungue mashine yenyewe.

Siku ya uchaguzi hakuna karatasi ya viti maalum. Mpiga kura wa Bara anapewa karatasi tatu: rais, mbunge, diwani. Viti maalum vinatoka kwenye ile ya mbunge, kwa njia ambayo wapiga kura wengi hawajawahi kuelezwa. Tume ya Uchaguzi inajumlisha kura zote halali za ubunge nchi nzima. Chama ambacho hakikufikisha asilimia tano kinatolewa. Kwa vilivyobaki, kura za kila chama zinazidishwa kwa idadi ya viti na kugawanywa kwa jumla ya kura za vyama vilivyofuzu.

Chukua mfano wa kubuni. Kura halali ni milioni 8.5. Chama A kina milioni 5, B milioni 2.5, C laki 7, na D laki 3. D ana asilimia 3.5, anatoka. Kigawanyo sasa ni milioni 8.2. Viti 113 mara milioni 5, gawanya kwa milioni 8.2, unapata 68.9. B anapata 34.45. C anapata 9.65. Ukikadiria kwa namba nzima ni 69, 34 na 10, jumla 113. Kwa utaratibu huo, mwaka 2010 CCM ilipata viti 67, Chadema 25 na CUF 10. Mwaka 2020 CCM ilipata 94 na Chadema 19.

Angalia kilichotokea hapo katikati. Mama wa Nzega amempigia kura mgombea wa jimbo lake, mara nyingi mwanamume, kwa sababu ya barabara na maji. Kura yake imekwenda Dodoma, imejumlishwa na nyingine milioni kadhaa, na imetoa sehemu ndogo ya kiti cha mwanamke ambaye jina lake huyo mama hakuliona popote. Hakumchagua, na wala hakumkataa. Miaka mitano baadaye hawezi kumwondoa. Kiti kikiwa wazi katikati ya kipindi, hakuna uchaguzi mdogo; jina linalofuata kwenye orodha ya chama ndilo linaloapishwa.

Basi aliyemchagua ni nani? Ni aliyepanga orodha. Kwa CCM, wanaopiga kura ni wajumbe wa mkoa wa UWT, jumuiya ya wanawake ya chama hicho, na yapo makundi yenye nafasi zake: vijana, wenye ulemavu, wafanyakazi, vyuo vikuu, asasi za kiraia. Matokeo yanapanda vikao vya juu, ambako jina lililoongoza linaweza kukatwa na la tatu likarudi. Kwa vyama vingine, mabaraza ya wanawake na kamati kuu ndizo zinazoshika kalamu. Popote pale, wapiga kura halisi wa mbunge wa viti maalum ni ukumbi mmoja wenye wajumbe wachache, na juu yao kikao cha watu makumi machache.

Ukumbi mdogo una tabia zake. Mtia nia anawajua wajumbe wote kwa majina, anajua nani analala wapi usiku wa kuamkia kura, nani anasomesha, nani anauguza. Bahasha ya nauli inatembea kirahisi kwa sababu watu wenyewe ni wachache; huwezi kuwahonga wapiga kura 80,000 wa jimbo, lakini wajumbe 400 unawafikia kwa siku tatu na gari moja. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ipo, lakini wenye wajibu wa kuitekeleza huchelewa kufika, wakati ukumbi umeshafungwa na takrima imeshaliwa. Halafu kuna lile ambalo wanawake wenyewe wamelisema hadharani kwa miaka: rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinaitaja kuwa kosa. Lakini anayeombwa ni mtia nia, anayeomba ni mtu anayeweza kulipandisha au kulishusha jina lake, na ushahidi ni mazungumzo ya watu wawili. Kumwambia mwanamke huyo akaripoti, wakati orodha inapangwa wiki ileile, ni kumwambia aache kugombea. Inaniuma kila msimu wa uchaguzi kuona jambo hili likigeuzwa mada ya semina, wakati dawa yake ni kubadili idadi ya wapiga kura. Kiti kinachoamuliwa na watu laki moja hakiuziki chumbani.

Mbunge akishaapishwa, mshahara ni uleule, kiti ni kilekile, na bungeni anasimama na kuchangia kama mwenzake. Tofauti zipo kwenye mambo matatu, na zote zina uzito.

La kwanza, Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ni wa jimbo. Mbunge wa jimbo ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Mbunge wa viti maalum anaingia vikao vya halmashauri, anaweza kuomba, kushauri na kulalamika, lakini hana fungu analoweza kulielekeza kwenye wodi ya wazazi au choo cha shule. Watu wa mkoani wanamwona anakuja na vitenge na majiko ya gesi aliyonunua kwa fedha yake, wanamsifu, kisha wanauliza kisima kiko wapi.

La pili ni Ibara ya 51 ya Katiba. Waziri Mkuu lazima atoke miongoni mwa wabunge waliochaguliwa kutoka katika jimbo. Kwa maneno mengine, wanawake wote wa viti maalum wanaondolewa kwenye hesabu kabla Rais hajaanza kufikiri jina. Tumekuwa na mwanamke Spika, Anna Makinda, kuanzia 2010 hadi 2015, kisha Tulia Ackson kuanzia Februari 2022 hadi 2025. Tumekuwa na Makamu wa Rais na Rais. Waziri Mkuu mwanamke hatujawahi kumpata, na sehemu ya sababu imeandikwa kwenye Katiba kwa lugha nyepesi kabisa.

La tatu ni kufukuzwa uanachama. Kwa Ibara ya 71, mbunge yeyote akiacha kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza ubunge. Sheria hiyo inawagusa wote, ila haiwagusi sawa. Mbunge wa jimbo akifukuzwa, uchaguzi mdogo unaitishwa. Anaweza kuhamia chama kingine na kurudi kwa watu walewale kuomba kura. Wa viti maalum hana pa kurudi. Kwa hiyo chama kinapomtazama kwa jicho kali, ananyamaza, na anayemlaumu kwa kunyamaza hajajiuliza angefanya nini mahali pake.

Mgogoro wa 2020 ulionyesha jambo hili hadi mfupa. Novemba mwaka huo wanawake 19 wa Chadema, akiwamo Halima Mdee, waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalum. Chama kilisema hakikupeleka orodha Tume, na siku chache baadaye kikatangaza kuwavua uanachama. Rufaa yao ilikataliwa na Baraza Kuu la chama Mei 2022, wakaenda Mahakama Kuu, na wakaendelea kukaa bungeni. Unaweza kuwa upande wowote wa ugomvi ule. Kwangu kilicho kikubwa ni kwamba swali lote lilikuwa barua: nani aliandika majina, nani alisaini, nani alipokea. Miaka ikapita na hakuna mpiga kura hata mmoja aliyeweza kuulizwa, "Huyu ni mbunge wako au si wako?" Mgogoro wa namna hiyo kwa mbunge wa jimbo usingewezekana, kwa sababu fomu za matokeo zipo na maelfu ya watu wanajua walimpigia nani.

Pamoja na hayo, si haki kusema wanawake wa viti maalum hawajafanya kazi. Bunge la 1995 hadi 2000, ambalo wanawake wake wengi waliingia kwa njia hiyo, ndilo lililopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 na Sheria za Ardhi Na. 4 na Na. 5 za 1999, zilizotamka kuwa mwanamke ana haki sawa ya kupata, kumiliki na kuuza ardhi. Wabunge wanawake wa vyama vyote walishikamana nyuma ya sheria hizo, na aliyewahi kwenda baraza la ardhi la kata kudai shamba la marehemu mumewe anajua thamani yake.

Mfano wa karibu zaidi ni taulo za kike. Wabunge wanawake walipiga kelele kwa miaka kuwa binti anakosa shule kwa kukosa taulo, na bajeti ya 2018/19 ikaondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye bidhaa hiyo. Mwaka uliofuata kodi ikarudishwa. Serikali ikasema bei haikushuka madukani. Hapa ndipo utaalamu wa kodi ulipohitajika kuliko kelele. Bidhaa ikipewa msamaha wa kodi, mwenye kiwanda hatozi kodi kwa mteja, lakini pia harudishiwi ile aliyolipa kwenye pamba, plastiki, umeme na usafirishaji. Anaiingiza ndani ya bei. Ingetozwa kwa kiwango cha sifuri, angerudishiwa, na bei ingekuwa na sababu ya kushuka. Tofauti ya maneno mawili ndani ya jedwali la sheria iliamua kama hoja ya miaka mingi itafaulu. Kazi hiyo inafanyika kwenye kamati ya bajeti, wiki kadhaa kabla ya hotuba, na mbunge asiye na uhakika wa kurudi kipindi kijacho hana muda wa kuijifunza. Kila anayebobea anaweza kukatwa jina mwaka unaofuata kwa sababu mjumbe fulani hakupigiwa simu.

Wapo waliovuka kwenda jimboni. Halima Mdee aliingia viti maalum 2005, akachukua Kawe 2010. Esther Matiko alikuwa viti maalum 2010, akashinda Tarime Mjini 2015. Ester Bulaya alihama chama na kumshinda Stephen Wasira Bunda Mjini mwaka huohuo. Samia Suluhu Hassan alianza 2000 kwa viti maalum Baraza la Wawakilishi Zanzibar, na 2010 akachaguliwa Makunduchi. Hawa wote wana kitu kimoja: walikuwa na eneo walilolifanyia kazi kwa jina kabla ya siku ya kuchukua fomu.

Wengi hawana. Kisheria kugombea ni rahisi: kwa muda mrefu dhamana ya mgombea ubunge ilikuwa shilingi 50,000, na wadhamini 25 tu waliojiandikisha jimboni. Kikwazo kipo kabla ya hapo, kwenye kura za maoni za chama. Mwanamke wa viti maalum akijitokeza jimboni, mbunge aliyepo anamwona adui aliyekuwa akimnyemelea, na wajumbe wanamwambia sentensi ambayo kila mwanasiasa mwanamke nchini ameisikia: "Mama, ninyi si mna viti vyenu?" Sentensi hiyo haikuwepo kabla ya 1985. Ni zao la mfumo wenyewe, na inawapa wanaume majimbo kwa kisingizio cha viti maalum.

Majirani wamejaribu njia nyingine, na makosa yao yanafundisha sawa na mafanikio yao. Uganda ilitenga kiti kimoja cha mwanamke kwa kila wilaya tangu 1989. Mwanzoni kilichaguliwa na jopo, baadaye na wapiga kura wote, wake kwa waume. Rebecca Kadaga alishika kiti cha mwanamke wa wilaya ya Kamuli na kuwa Spika kwa miaka 10. Mtu mwenye wapiga kura wake ana mgongo. Ubaya ni kwamba viti vimefungwa kwenye wilaya: serikali inaunda wilaya mpya, viti vinaongezeka, hadi kufikia 146 mwaka 2021, na Bunge linavimba bila mpango.

Kenya ilifanya vivyo hivyo kwa kaunti 47, kisha ikaandika kwenye Katiba ya 2010 kuwa jinsia moja isizidi theluthi mbili. Kwa mabaraza ya kaunti, Ibara ya 177 inaeleza jinsi ya kujazia viti mpaka sharti litimie. Kwa Bunge la Taifa haikueleza chochote. Viti 349, theluthi yake ni wanawake 117, na hakuna kifungu cha kuwapata. Miswada ikaanguka kwa kukosa kura 233 zinazohitajika. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge, mahakama ikasitisha. Hesabu ikabaki hewani, na uchaguzi wa 2022 ukapita bila kufika 117. Mwakilishi wa kike wa kaunti naye ana mzigo wake: anaomba kura kaunti nzima, Nairobi peke yake ina majimbo 17, kwa hiyo gharama ya kampeni yake ni ya maeneo mengi huku mwanamume akizunguka moja.

Rwanda ina viti 24 vya wanawake kati ya 80 tangu Katiba ya 2003, vinavyochaguliwa na jopo, karibu na mfumo wetu. Lakini 2008 walipata wanawake 45, na 2013 wakapata 51. Hao wa ziada walitoka kwenye orodha za vyama za viti vya kawaida 53, ambako wanawake waliwekwa nafasi za juu. Huko viti maalum havikuwa kisingizio cha kuwanyima vingine.

Sisi wenyewe tulikuwa na jibu mezani. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, Juni 2013, ilifuta viti maalum. Kila mkoa wa Bara na kila wilaya ya Zanzibar ungekuwa jimbo lenye wabunge wawili, mwanamke na mwanamume: 25 mara mbili, 10 mara mbili, jumla 70, na watano wenye ulemavu wa kuteuliwa. Lakini hesabu hiyo ilifungwa kwenye muundo wa serikali tatu, ya Muungano, ya Bara na ya Zanzibar, na serikali tatu zilipokataliwa na Bunge Maalum 2014, nayo ikaenda nazo. Katiba Inayopendekezwa iliahidi uwiano sawa, kura ya maoni ya Aprili 2015 ikaahirishwa, na hapo tukasimama.

Wanaosema haiwezekani tena kwa sababu majimbo yamekuwa mengi wana hoja nusu. Majimbo 272 ya uchaguzi wa 2025 mara mbili ni wabunge 544, ukumbi wa Dodoma hautoshi wala hazina. Lakini si lazima kuzidisha. Unganisha majimbo mawili jirani, yatoe mwanamke mmoja kwa kura ya moja kwa moja. Ni viti 136, theluthi moja kamili ya wabunge 408 wa kuchaguliwa, hata kama hakuna mwanamke anayeshinda jimbo la kawaida. Kampeni ni ya majimbo mawili, si mkoa mzima kama Tabora. Mpiga kura anapewa karatasi ya nne, na wa Zanzibar amezoea karatasi tano muda wote. Mama wa Nzega atajua jina. Ibara ya 51 haitakuwa na sababu ya kumtenga mbunge huyo, na fungu la mfuko wa jimbo linaweza kugawanywa kwa kanuni.

Hadi hilo litokee, vyama vinaweza kufanya mambo mawili bila kugusa Katiba. Viweke ukomo wa vipindi viwili kwa viti maalum, vilivyoandikwa kwenye katiba ya chama na si kutangazwa jukwaani. Na vichapishe orodha yenye mpangilio wake kabla ya siku ya kura, kila jina na wilaya yake, ili anayepiga kura ajue anamwingiza nani.

Mabadiliko ya Ibara za 66 na 78 yanahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Katika Bunge la wabunge 393 lililochaguliwa 2020, hiyo ni kura 262, na kundi la watu 132 lingeweza kuzuia badiliko lolote la Katiba lisilowaridhisha. Wanawake wa viti maalum walikuwa 113. Ukiongeza wa majimbo na walioteuliwa na Rais, ambao Katiba inataka angalau watano wawe wanawake, walikuwa zaidi ya 132.